Uhai wa Mwenye Hatia

Mwaka 1885 Wabelgiji walifungasha mizigo yao wakaiacha ngome ya Karema, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Kapteni Cambier alikuwa ameianzisha 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Baada ya Mkutano wa Berlin macho ya mfalme yule yalielekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kuta na mashamba ya Karema aliwaachia Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Leo mahali hapo pamo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi.

Ukatoliki wa Katavi ulianzia ndani ya kuta hizo, na ulianza na bei ya binadamu. Wengi wa Wakristo wa kwanza wa Karema walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Aliyejulikana kuliko wote ni Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo sasa ni Mali, akaibwa angali mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadre walimnunua kusini mwa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na mganga. Hakuondoka tena. Alitibu, alifundisha dini, alioa, mwanawe Joseph akawa padre, na alipofariki 1956 alikuwa amewahudumia watu wa ziwa kwa miaka zaidi ya 65.

Nimemweka Atiman mbele kwa makusudi. Kanisa lililofika Katavi lilikuja likisema kwamba hakuna binadamu anayeweza kuwa mali ya mwenzake, wala hakuna soko linaloweza kumwondolea mtu utu aliopewa na Muumba. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika dhidi ya utumwa Mei 1888, na mwaka huohuo Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri jambo hilo. Kwa aliyenyang'anywa kila kitu pasipo kosa, mafundisho hayo yalikuwa wazi kama mchana. Swali gumu lilimhusu mtu mwingine: yule mwenye hatia, aliyeua, ambaye damu ya jirani yake imo mikononi mwake. Huyo naye utu wake haugusiki? Kanisa lilichukua zaidi ya miaka 130 tangu siku za Karema kulijibu swali hilo bila kubakiza mlango.

Mlinzi wa misheni za ziwa wakati ule alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842. Aliishi zaidi upande wa Kongo, Mpala na Mrumbi, akipambana na majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, yaliyoteka watu. Kabla ya kuja Afrika alikuwa askari wa Papa katika kikosi cha Wazuavu, akiitetea dola ya Baba Mtakatifu hadi Roma ilipotekwa Septemba 1870. Dola ile ilikuwa na mnyongaji wake wa mshahara. Giovanni Battista Bugatti, ambaye Warumi walimwita Mastro Titta, alitekeleza hukumu za kifo 516 kati ya 1796 na 1864. Hukumu ya mwisho katika dola ya Papa ilitekelezwa Julai 1870, miezi miwili tu kabla ya mji kuanguka. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwatetea watumwa wa Tanganyika alikuwa ametumikia serikali ya Kikristo iliyokata vichwa vya wahalifu hadharani, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Hayakuonekana kugongana kwa sababu Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa ameshayapatanisha katika karne ya 13. Alifundisha kwamba jamii ni mwili, na mhalifu ni kiungo kilichooza kinachoweza kukatwa ili mwili upone. Akaongeza hoja nzito zaidi: mtu anapotenda dhambi kubwa hujiondoa mwenyewe katika hadhi ya binadamu na kushuka kwenye utumwa wa wanyama, ndiyo maana kumuua kunaweza kuwa halali. Katekisimu iliyotoka 1566 baada ya Mtaguso wa Trento nayo ilikubali kwamba serikali ina mamlaka hayo. Hoja ya Tomaso imefungwa kwa kamba ya utumwa. Mwizi wa watu alimwambia Atiman kwamba yeye ni mnyama wa kuuzwa. Mwanateolojia mkubwa kuliko wote alisema muuaji amejishusha mwenyewe hadi hapo. Mapadre wa Karema waliikataa kauli ya kwanza kwa jasho na kwa maisha yao, wakaibeba ya pili katika vitabu vyao vya seminari.

Nusu ya jambo mapadre hao walikuwa wameshaielewa. Katika nchi za pembeni mwa ziwa, mtu aliyeshukiwa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, sumu ya kupimia hatia. Akitapika yu safi, akifa amejihukumu. Wamisionari waliupinga mwavi kama mauaji. Lakini kosa la mwavi waliliona katika ushahidi wake, kwamba sumu haijui nani mchawi. Kwamba hata mwenye hatia halisi asiuawe, hilo halikuwa limeingia katika mazungumzo.

Tukio lililoiweka wazi hali hiyo katika nchi yetu halikutokea Katavi. Tarehe 27 Februari 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vinazimwa, Wajerumani waliwanyonga pale Songea zaidi ya wanaume 60 wa Kingoni, wakiwemo mtawala wao, Nkosi Mputa Gama, na manduna (machifu wadogo) wake. Kabla ya hukumu kutekelezwa, Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini, aliingia gerezani akawafundisha haraka na kuwabatiza wengi wao. Miezi sita iliyotangulia, Askofu Cassian Spiss wa shirika hilohilo alikuwa ameuawa na wapiganaji wa Maji Maji. Sisemi padre yule hakuwa na huruma. Kuingia katika chumba cha watu wanaongoja kamba, nawe umepoteza ndugu zako katika vita vilevile, kunahitaji moyo. Ila nikiitazama siku ile naiona teolojia nzima ya wakati huo imesimama uwanjani: maji ya ubatizo juu ya kichwa, kamba shingoni, na katikati hakuna aliyesema kwamba mtu aliyefanywa asubuhi kuwa mwana wa Mungu hapaswi kunyongwa mchana.

Waingereza walipotwaa Tanganyika walileta Kanuni ya Adhabu yao, ambayo hadi leo ni Sura ya 16 ya sheria zetu. Ndani yake kosa la kuua kwa kukusudia lina adhabu moja tu, kifo. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, kifungu hicho kikabaki.

Kwa Wakatoliki wa nchi hii hapo pana jambo la kuumiza, na afadhali tuliseme. Rais wa kwanza, Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri umeshafunguliwa. Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Siku ya Krismasi 1971 huko Isimani, Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, katika ugomvi uliozaliwa na siasa ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo na kunyongwa. Kwa mujibu wa sheria zetu hakuna anayenyongwa bila uamuzi wa Rais. Wakati huo Kanisa halikumwekea Nyerere kizuizi chochote cha dhamiri katika jambo hilo. Vatikani yenyewe ilikuwa imeifuta adhabu ya kifo katika sheria za mji wake mwaka 1969 tu, chini ya Papa Paulo wa Sita. Anayetaka kumhukumu Nyerere kwa mafundisho ya leo ampime pia askofu, paroko na mwalimu wa dini wa siku zake.

Wakati Mwamwindi akingoja hukumu, watu wengine walikuwa wakikimbia kuelekea Mpanda. Aprili 1972 yalianza Burundi mauaji ambayo serikali ya huko iliyaelekeza kwa Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadre. Miongoni mwa waliokamatwa na kuuawa Gitega Mei ile alikuwa Padre Michel Kayoya, mshairi na mwanafalsafa aliyeandika juu ya utu wa Mwafrika kabla hajatimiza miaka 40. Aliuawa na dola, kama maelfu ya wenzake, pasipo hata kivuli cha kesi. Kesi yake na ya wenzake ya kutangazwa wenye heri ilifunguliwa 2019.

Walionusurika walivuka mpaka. Makazi ya Katumba yalianzishwa karibu na Mpanda 1973, na ya Mishamo mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Walikata pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajenga makanisa, wakazaa watoto wasioijua Burundi. Serikali ya Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, na vyeti vyao vilianza kutolewa 2014. Kwa hiyo miongoni mwa waamini wa Katavi wamo watu ambao wazazi wao waliiona dola ikijipa haki ya kuamua nani aishi. Wanateolojia walipokuwa wakibishana Roma iwapo serikali inaweza kukabidhiwa upanga, jibu moja lilikuwa limekaa Katumba likipalilia.

Mahakamani, aliyelisema jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Jaji James Mwalusanya. Juni 1994 huko Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba kwa kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu. Alieleza kwa kina jinsi kunyonga kunavyofanyika, na kwa nini maskini asiye na wakili mzuri ndiye hufika kwenye kamba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye katika jambo la kushangaza, kwamba adhabu hii kweli ni ya kikatili na inatweza utu, kisha ikasema Katiba inairuhusu hata hivyo kwa manufaa ya umma. Kwangu hukumu ile ni jeraha lililoachwa wazi. Mahakama ya juu kabisa ilitamka kwamba nchi inafanya ukatili, na sheria ikaendelea.

Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Machi 1995, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake juu ya Injili ya Uhai. Hakuufunga mlango kabisa. Alifundisha kwamba kwa kuwa magereza ya sasa yanaweza kumzuia mhalifu asidhuru tena, sababu za kumuua zimekuwa adimu sana, karibu hazipo. Katekisimu ya 1992 ilirekebishwa 1997 kufuata maneno yake. Na katika miaka hiyohiyo ya tisini mnyongaji wa Tanzania alifanya kazi yake kwa mara ya mwisho. Tangu wakati huo hakuna Rais aliyeruhusu mtu anyongwe.

Jimbo Katoliki la Mpanda liliundwa Oktoba 2000 kwa kulimega Jimbo la Sumbawanga, lile ambalo zamani liliitwa Karema, na William Pascal Kikoti akawa askofu wake wa kwanza. Jimbo lilikuwa changa bado lilipofika katika jaribu ambalo hakuna aliyelichagua.

Kuanzia 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa. Walikatwa mikono na miguu, wengine wakiwa hai, viungo vikauzwa kwa waganga walioahidi utajiri wa dhahabu na wa samaki. Wazazi waliwafungia watoto ndani. Wengine waliwapeleka kulelewa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, wakawaona mara chache kwa mwaka. Mikoa ya Rukwa na Katavi nayo haikusalimika: Februari 2013 huko Rukwa mtoto aliyekuwa akitoka shule alivamiwa na kukatwa mkono. Nani atasimama mbele ya mama wa mtoto huyo amwambie habari za heshima ya mshambuliaji?

Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Mizengo Pinda, Mkatoliki, mzaliwa wa Kibaoni katika Wilaya ya Mpanda ya zamani, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima. Januari 2009, akiwa ziarani katika mikoa iliyoathirika, alisema kwamba anayekamatwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe. Wabunge walimbana. Tarehe 29 Januari, akijibu ndani ya Bunge la Dodoma, Pinda alilia. Alieleza uchungu wa mambo aliyoyaona na kuyasikia, akaomba radhi kama alikuwa amekosea.

Nimeyafikiria machozi yale mara nyingi, na siyaoni kuwa udhaifu. Palikuwa na mtu mzima, mwanasheria, aliyejua vizuri kwamba hakuna sheria inayomruhusu mwananchi kuua, naye alikuwa ameelemewa na picha za miili isiyo na mikono. Hasira iliyosema waueni ilitoka mahali pema, penye kumpenda mtoto aliyekatwa. Na hapo hasa ndipo mafundisho ya Kanisa hupimwa. Mganga aliyenunua mkono wa mtoto alifanya kile alichofanya mwizi wa Atiman: aligeuza mtu kuwa bidhaa. Tukisema kwamba mganga huyo, kwa uovu wake, naye si mtu tena, tumeanza kugawa utu kwa vipimo vyetu. Familia ina haki ya kuona muuaji akikamatwa, akishtakiwa, akifungwa asitoke. Haki hiyo haiongezeki kwa maiti ya pili. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya kijana mwenye ualbino. Hata baada ya hapo watu wenye ualbino waliendelea kushambuliwa, kwa sababu soko la viungo na imani iliyolilisha havikuguswa na kamba.

Mwaka 2009 ulikuwa mzito kwa eneo letu lote. Tarehe 21 Januari, siku chache kabla ya machozi ya Dodoma, Mahakama ya Juu ya Uganda katika kesi ya Susan Kigula ilikataa hukumu ya kifo ya lazima. Aprili, Burundi, nchi waliyoikimbia wazee wa Katumba, iliifuta adhabu ya kifo katika sheria zake. Rwanda ilikuwa imetangulia 2007. Agosti, Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwabadilishia hukumu zaidi ya wafungwa 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Na Oktoba maaskofu wa Afrika, wakiwa Roma kwa Sinodi ya pili ya bara lao, waliomba adhabu hiyo ifutwe. Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliibeba hoja yao katika waraka alioutia saini Benin Novemba 2011, akawataka viongozi wa jamii wafanye kila jitihada kuiondoa. Watu husahau jambo hili wanapodhani mabadiliko yaliyofuata yalikuwa wazo la Ulaya lililoshushwa kwetu. Maaskofu wa bara hili walikuwa wameshaomba.

Agosti 2, 2018 Vatikani ilitangaza kwamba Papa Fransisko ameandika upya namba 2267 ya Katekisimu. Mlango uliobaki wazi tangu 1995 ulifungwa: adhabu ya kifo haikubaliki kamwe, kwa kuwa inashambulia hadhi ya mtu, na hadhi hiyo haipotei hata baada ya makosa mabaya kabisa. Hapo Tomaso wa Akwino alijibiwa kwa heshima lakini bila kigugumizi. Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania siku hiyo alikuwa Askofu wa Mpanda, Gervas Nyaisonga, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo na ambaye Desemba aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mbeya. Aprili 2024 tamko la Vatikani juu ya hadhi ya binadamu isiyo na mipaka lilirudia fundisho hilo.

Sheria yetu haijafika huko. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais John Magufuli, Mkatoliki wa Chato, alisema wazi kwamba hataweza kuidhinisha mtu kunyongwa, na siku ya Uhuru mwaka huo aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha ilitoa uamuzi katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake: kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kunavunja utu. Mwezi huohuo Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kujiondoa katika tamko linalowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kwa hiyo Mahakama Kuu inapoketi Mpanda na jaji akaridhika kwamba mshtakiwa aliua kwa kukusudia, hana la kuchagua. Awe mtu aliyemkata mtoto kwa ajili ya hirizi, awe mfugaji aliyepigana na mkulima kwa ng'ombe walioingia shambani, awe mwanamke aliyechoshwa na kipigo cha miaka, adhabu ni ileile. Utetezi wa kupunguziwa adhabu hauna nguvu hapo. Mtu mwenye umri chini ya miaka 18 alipotenda kosa na mwanamke mjamzito tu ndio walioepushwa. Wengine wanaondoka wakiwa wamehukumiwa kifo na nchi ambayo kwa miaka takribani 30 haijamnyonga mtu, wakakae gerezani mamia kwa mamia, wasijue kama Rais ajaye atakuwa na moyo wa waliopita.

Katavi ina wabunge wake, na muswada wa kuliondoa neno la lazima katika kifungu cha kuua hauhitaji kubadilisha Katiba. Unahitaji mbunge wa kuupeleka na wengine wa kuupigia kura.